Mkono Haupiti Kizingitini

Kabla habari haijafika Tanga kwa mama yangu mkubwa ikiwa imeongezwa chumvi, naomba niiseme mwenyewe. Wengi mmeniuliza kwenye kundi letu la simu: "Seif, ni kweli umesafiri mpaka Uchina ukamkatalia shemeji yako mkono siku ya ndoa?" Mmoja wenu, simtaji, ameandika kwamba nilimtemea na mate. Haya. Mkono niliukataa, kweli. Mate sikutema. Viza na tiketi naziruka, maana sijaona mtu anayeburudika na habari za foleni. Mengine yote nawaeleza kama yalivyokuwa.

Mnamjua Zuhura, dada yangu, tumbo moja baba mmoja. Yuko Guangzhou mwaka wa saba sasa. Anashonesha madera na nguo za watoto kwenye karakana za mtaa wa Kangle, anajaza kontena bandarini Huangpu, mzigo unakwenda Dar. Ana miaka thelathini na minne na ulimi wa kukata bati. Mwezi wa tatu alinipigia simu akasema anaolewa na Idrisa, Mchina Mwislamu, mwenye duka la tambi mtaani kwake. Ndoa Ijumaa fulani ya mwezi wa nne, baada ya alasiri. Baba yetu ametangulia, babu pia, ndugu wa kiume ni mimi peke yangu. Kwa hiyo walii wa kumwozesha ni mimi.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, sheria inaniruhusu kumpa uwakala sheikh wa huko huko. Namwambia kwa simu, yanakwisha."

Akasema, "Kaka, wewe ulioa peke yako. Mimi siolewi peke yangu. Nataka mkono wako, sitaki simu yako. Usipofika, hakuna ndoa."

Hapo alinipata. Miaka kumi na miwili iliyopita nilimuoa Lena huku Urusi, nikawaambia nyumbani wiki mbili baadaye. Zuhura hajanisamehe mpaka leo. Jina la Lena halitaji, anamwita "huyo mama watoto wako". Nikasema nitafika, hata kwa miguu.

Voronezh: kukaa kabla ya kuondoka

Jumatano asubuhi teksi ilikuwa chini, inapiga honi. Mimi nina begi mkononi na koti nimeshavaa. Lena akasimama mbele ya mlango. "Kaa," akasema.

Warusi ndivyo walivyo. Huwezi kuondoka safari ndefu kabla watu wote hawajakaa dakika moja, kimya. Mwaka wa kwanza nilicheka. Sasa ni mwaka wa kumi na sita nchi hii, nimesomea umeme hapa, natengeneza lifti za maghorofa, na mimi ndiye ninayewakumbusha wengine. Nikakaa juu ya begi. Lena akakaa juu ya kiti cha viatu, wanetu wawili wakakaa sakafuni.

Tulipoinuka alinipa kifurushi. Ndani mlikuwa na shali nyeupe ya sufu ya mbuzi, ile nyembamba inayopita ndani ya pete, aliyoifuma marehemu bibi yake. Ni kitu pekee alichoachiwa na yule bibi.

"Mpe dada yako," akasema.

"Lena, Guangzhou kuna joto kama Tanga. Na Zuhura..."

"Najua hanipendi," akasema. "Mpe tu."

Moscow: mayai na askari

Kwenye treni nilikaa mkabala na mzee mwenye mashavu mekundu, aliyekuwa ananitazama tangu stesheni. Baada ya saa nzima akainama, akaniuliza kwa sauti kubwa na polepole, kama anaongea na kiziwi, "WEWE. BARIDI. HUONI?"

Nikamjibu kwa Kirusi changu cha mafundi, "Naiona, baba, kama unavyoiona wewe. Mbona unapiga kelele?"

Aliruka. Kisha akacheka mpaka akatokwa machozi, akafungua chakula chake: mayai ya kuchemsha, matango ya chumvi, mkate mweusi na mafuta ya nguruwe yaliyokatwa vipande. Nikachukua yai na tango. Mafuta nikayakataa. Akadhani naona haya, akayasogeza. Nikayarudisha. Akayasogeza tena, amenuna. Nikamweleza mimi ni Mwislamu. Akafikiri kidogo, akayala yote yeye, akanisukumia mayai yote yaliyobaki. "Basi haya yako," akasema, na hakukubali neno. Nilishuka Moscow na mayai sita mfukoni.

Pale stesheni, katika umati wote ule, askari wawili walimwona mtu mmoja tu wa kumwomba hati zake. Mnamjua. Waliigeuza pasi yangu mbele nyuma, wakauliza naishi kwa nani, nafanya nini, nakwenda wapi. Wameniuliza hayo miaka kumi na sita, na kila mara damu inanichemka vile vile. Sijazoea na sitaki kuzoea. Lakini siku ile nilijibu kwa adabu kama mtoto wa chuo, maana niliona saa ukutani. Kugombana kungenipa raha ya dakika tano na kumkosesha Zuhura ndoa.

Urumqi: theluji ya mwezi wa nne

Ndege ilitua Urumqi, kaskazini magharibi ya Uchina, Alhamisi asubuhi. Nilitakiwa kubadili ndege, nifike Guangzhou jioni, nilale, niamke nikiwa walii mwenye heshima. Weee! Nje theluji ilikuwa inamwagika kana kwamba nimeondoka nayo Voronezh. Safari zote nyekundu ubaoni.

Nilikwenda kaunta. Dada wa pale akaangalia kompyuta, akasema neno ambalo Zuhura alishanifundisha, "meiyo". Maana yake hakuna. Leo hakuna. Kesho je? Kesho jioni. Kesho jioni ndoa imeshapita.

Nikamwandikia kwenye simu, ikatafsiri: "Dada yangu anaolewa kesho. Baba yetu amefariki. Bila mimi hakuna ndoa." Akasoma. Akanitazama. "Meiyo," akasema, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

Basi nikasimama. Sikugomba, sikupaza sauti, nilisimama tu pembeni ya kaunta ili kila akiinua macho anione. Watu waliniomba picha, nikapiga nao. Mama mmoja aliniletea kiti, nikaweka juu yake begi lenye shali. Adhuhuri njaa ikanizidi, nikakimbia kwenye mgahawa wa halali nikala tambi nene kwa nyama ya kondoo na pilipili, nzuri ajabu, nikarudi kusimama. Yule dada wa kaunta nikampa mayai mawili ya yule mzee. Akayapokea kwa mikono miwili, ameshangaa.

Saa za alasiri Zuhura akapiga. "Uko wapi?"

"Urumqi."

"Kaka, usinidanganye kama umebadili moyo. Sema sasa hivi."

"Zuhura, nimesimama kaunta tangu asubuhi, miguu imevimba kama magogo. Nikikosa ndege nitapanda hata treni ya makaa."

Nusu saa kabla zamu yake haijaisha, yule dada akaniita kwa kidole. Kuna mtu amefuta safari ya alfajiri. Kiti kimoja, cha mwisho kabisa, karibu na choo. Wallahi nilitaka kumbusu mikono.

Baiyun hadi Kangle

Saa tatu asubuhi Ijumaa nikatua Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, na koti la baridi. Joto lilinishika shingoni hapo hapo. Kwenye metro akaja kijana wa Mbeya mwenye mabegi mawili ya simu, akanisalimia. "Vipi kaka, mzigo wa ndege au wa meli?"

"Sina mzigo. Nimekuja kumwozesha dada yangu."

"Zuhura wa Kangle? Sote tumealikwa!" Akanitazama usoni. "Mbona sasa umenuna hivyo, kaka? Kama umekuja msibani."

Sikuwa nimenuna. Huo ndio uso wangu siku hizi. Huku kwetu Urusi ukimchekea mtu usiyemjua kwenye treni anadhani umelewa. Nilijaribu kutabasamu, yule kijana akasema bora niache.

Alinishusha kituo chenyewe, akanionyesha njia. Kangle ni vichochoro vimebanana, juu nyaya, chini pikipiki zimebeba marobota ya vitambaa kama nyumba zinazotembea, na cherehani zinaunguruma kila dirisha. Watu wananiita "laobani, laobani", yaani tajiri, nikiwa nimelowa jasho na sijaoga siku mbili. Nikapanda ngazi ghorofa ya nne. Mlango ulikuwa wazi, viatu vimejaa nje, udi unanukia.

Kizingiti

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penyewe.

Nilisimama nje. Ndani, sebuleni, walikaa wanaume kama kumi na mzee mmoja wa Kichina mwenye kofia nyeupe na ndevu chache. Huyo ni ami yake Idrisa, ndiye aliyemlea, alikuja kwa treni siku nzima kutoka kaskazini. Idrisa mwenyewe akainuka, mrefu, kanzu mpya, uso unang'aa. Akaja mpaka mlangoni, akasimama upande wa ndani, akaninyooshea mikono yote miwili juu ya kizingiti. "Assalaam alaykum, shemeji! Karibu sana!"

Na mimi nikauvuta mkono wangu nyuma, nikauficha mgongoni. Nikasema kwa Kirusi, kwa ukali na kwa uso ule ule wa metro, "Hapana! Si hapo!"

Mnaoishi nami huku mnaelewa. Mnajua kwamba Mrusi hakupi mkono juu ya kizingiti, ni mkosi, mtagombana. Ama utoke nje ama aingie ndani. Mwili wangu umeshazoea, haukuniuliza. Siku mbili sijalala, na mwili ukadhani uko Voronezh.

Lakini Idrisa aliona nini? Aliona walii amemkatalia mkono mbele ya watu. Mikono yake ilibaki hewani. Nikaingia haraka ndani nimpe mkono, lakini alishaishusha. Ami yake akaweka kikombe cha chai chini, akasema maneno mawili, akavaa viatu. Idrisa akaniambia kwa Kiswahili chake cha dukani, taratibu kabisa, "Mimi naelewa, kaka. Hakuna shida." Wakatoka wote wawili.

Nilikimbilia chumbani. Zuhura alikuwa kitandani, hina mbichi mikononi mpaka viwikoni na miguuni mpaka vifundoni. Hakuweza kunishika kwa hiyo alinipiga kwa maneno.

"Umefanya nini? Umemfanya nini mume wangu?"

"Zuhura, ni kizingiti..."

"Kizingiti gani? Wewe! Wewe uliyeoa huyo mama watoto wako bila kutuambia, leo unamkataa wangu kwa kuwa ni Mchina?"

"Sijamkataa! Urusi mkono haupiti mlangoni, ni mkosi."

"Hapa Urusi?" Akanyanyua mikono yake yenye hina kama daktari wa upasuaji. Machozi yakamtoka na hakuweza kuyafuta. "Nimewaambia wote kaka yangu anakuja. Wiki nzima, kaka yangu, kaka yangu. Nenda. Mrudishe. Usirudi hapa bila yeye."

Nilimfuta machozi kwa mkono wa shati langu, nikatoka. Aibu niliyoisikia kwenye zile ngazi, jamani, siwezi kuipima.

Duka la tambi

Duka lilikuwa vichochoro vitatu mbele, limefungwa nusu. Idrisa na ami yake walikuwa wamekaa meza ya ndani. Mlango uko wazi. Nilipofika nikasimama nje. Sikuthubutu kuingia, hakuna aliyenikaribisha.

"Idrisa," nikasema, "naomba umtafsirie mzee kila neno, hata la kunidhalilisha."

Nikaeleza habari ya kizingiti. Idrisa akatafsiri. Mzee alisikiliza bila kupepesa, akajibu, naye Idrisa akanirudishia huku anaangalia meza, "Anasema, mtu mzima anaacha kusalimia kwa sababu ya kipande cha ubao? Wewe Mwislamu, unaogopa ubao?"

Alikuwa na haki. Siogopi ubao. Nikasimama pale juani nikitafuta kwa nini basi nimeushika mkosi wa watu wengine kama sala yangu. Na jibu likaja, ndugu zangu, jambo ambalo hata Lena sijawahi kumwambia lote.

Nikamwambia, "Nilipofika Urusi nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilitafuta chumba miezi miwili. Kwenye simu wanasema njoo. Nikigonga, wanafungua, wanaona uso wangu, wanasema kimeshachukuliwa. Wengine hawasemi, wanafunga tu. Nilihesabu milango kumi na saba, halafu nikaacha kuhesabu. Mlango uliofuata alifungua mzee mmoja, Kolya, fundi wa lifti. Nikamnyooshea mkono haraka kabla hajafunga. Akaurudisha nyuma mkono wake. Nikasema, haya, na huyu pia. Kumbe akanishika hapa, kwenye mkono wa koti, akanivuta ndani. Akasema, 'Si mlangoni. Ingia kwanza.' Ndipo akanipa mkono. Nilikaa kwake miaka minne, akanifundisha kazi. Kwangu mimi, mzee, mtu akikataa mkono wako mlangoni maana yake ni ingia ndani. Nimekosea. Nilisahau kwamba mlango ule ulikuwa wa kwenu na mgeni nilikuwa mimi."

Idrisa alichukua muda kutafsiri. Jikoni kisu cha mpishi kiliendelea kukatakata.

Mzee akainuka. Akaja mpaka mlangoni, mfupi, ananifika kifuani. Akanitazama. Nilikuwa bado nje, jasho linanitiririka. Sikujua anakuja kunifungia au vipi. Akanishika mkono wa shati, hapa hapa kwenye kiwiko, akanivuta ndani kwa nguvu ambayo usingeidhania. Miguu yote miwili ilipokuwa ndani ndipo akanipa mkono.

Nililia, sina haja ya kuficha. Idrisa akaleta bakuli la tambi za supu, mzee akakaa mbele yangu mpaka nilipomaliza. Nikatoa yale mayai yaliyobaki. Ami akamenya moja, akala, akasema kitu.

"Anasema mayai ya Urusi yana chumvi kidogo," Idrisa akatafsiri.

Ijumaa baada ya alasiri

Tulikwenda msikitini pamoja, tukarudi pamoja. Zuhura alipotusikia ngazini hakutoka, lakini nilimsikia akishusha pumzi nyuma ya mlango. Kanzu aliyonishonea ilikuwa ya vipimo vyangu vya miaka kumi na sita iliyopita, kabla ya viazi vya Lena, ikagoma kifuani. Fundi wa karakana ya jirani akaipasua kwapani na kutia kipande dakika kumi tu. Ndiyo Kangle hiyo.

Kabla sheikh hajaanza, niliingia chumbani kumwuliza Zuhura idhini yake, kama inavyopasa. Akaitikia. Kisha nikampa kifurushi. "Kutoka kwa Lena. Ilikuwa ya bibi yake." Akakifungua kwa ncha za vidole. Nikatoka.

Tukakaa sakafuni, mimi na Idrisa, magoti yanagusana. Nikamshika mkono na sikuuachia mpaka maneno yote yalipokwisha, na hata yalipokwisha sikuuachia upesi. Nikamwozesha dada yangu kwa sauti iliyofika mpaka kwenye cherehani za chini. Baadaye wanawake wakapiga vigelegele, mlango wa chumba ukafunguliwa, Zuhura akatoka. Alikuwa amejitanda ile shali ya sufu, kuanzia kichwani mpaka mabegani.

Na joto lile! Feni zote zinapuliza moto. Jasho lilimshuka usoni, wanja ukatambaa, shoga zake wakamwambia ivue, mwenzetu, utazimia. Akawaambia waache. Alikaa nayo kwenye picha, kwenye pilau, mpaka mgeni wa mwisho alipotafuta viatu vyake.

Kurudi

Jumapili waliniaga pale pale mlangoni. Mimi nilikuwa nimeshatoka nje na begi. Idrisa akaja, akasita, akakitazama kizingiti, kisha akakiruka na soksi zake nyeupe mpaka kwenye sakafu chafu ya ngazi, ndipo akanipa mikono yote miwili.

Nimefika nyumbani juzi. Lena ametazama picha za ndoa mara nyingi. Swali lake ni moja tu: "Si ulisema kuna joto? Sasa mbona hakuivua?"

Nikamwambia sijui, tumwulize mwenyewe. Nikampigia Zuhura, nikaweka simu mezani katikati yetu, nikamtafsiria swali la Lena.

Zuhura akasema, "Mwambie wifi yangu, kitu cha bibi hakivuliwi."

Lena alikuwa ananivuta mkono wa shati, anauliza, "Nini? Amesema nini? Ameniitaje?"